Sefu ya Alphonce na Mashine Namba Tatu

Saa 3:20 asubuhi, Ijumaa.

"Mashine namba tatu si ya kwenu, Yunisi!" Marietha alifoka juu ya ukuta wa uani. "Umebadili injini ya kutafutia, ukaiacha hivyo hivyo. Na swali lako limebaki kwenye kisanduku. Nikigusa herufi ya kwanza tu, linajileta!"

"Swali gani?"

"Namba ya kiwandani ya kufungulia sefu. Unataka nilisome kwa sauti?"

Yunisi akausogelea ukuta. Jana, kwenye intaneti kafe ya Marietha pale stendi, injini ya kwanza ilimletea wauza sefu. Akabonyeza kimshale juu ya kivinjari, akahamia ya pili. Porojo. Ya tatu ikatapika kitabu chote cha kiwanda. Ni kama umbea: huyu akikunyima, unamwendea jirani yake na swali lile lile. Alifunga kurasa zote. Kisanduku akakisahau.

"Ni sefu ya Alphonce," alinong'ona. "Alichukua hati zetu eti mashamba yapimwe, sasa anayauza. Ya mama yangu imo. Ya kaka yako pia."

Marietha alimtazama, akaingia ndani kwake.

Chumba cha nyuma kwa Yunisi, Urbano, mwenzake katika mpango huo, alikuwa amesikia yote. Bastola ilikuwa pajani.

"Huyo anyamazishwe."

"Mguse uone. Nitapiga yowe mimi mwenyewe," Yunisi akamjibu.

"Saa sita Alphonce anaenda kula," Urbano akasema. "Dakika kumi, tumetoka. Simeoni, gari liwe linanguruma."

"Sawa, braza," dereva akajibu. Jasho lilimtoka.

Saa 6:12 mchana.

Alphonce hakuwahi kubadili namba ya kiwandani. Ghalani kwake, Yunisi akaibonyeza, sefu ikaitika. Hati za watu wa Mwankoko zikajaa mfuko wa salfeti.

Saa 6:19.

Nje hapakuwa na gari. Hapakuwa na Simeoni.

"Katuuza!" Urbano alitema mate, akaipora baiskeli iliyoegemea ghala. "Nipe saa moja. Kila mtu atashika hati yake mkononi, halafu waje wanikamate."

Saa 6:50.

Askari wawili walisimama mlangoni kwa Yunisi. Marietha alikuwa nao, walimpitia kafe.

"Mama, huyu jana alitafuta nini kwenye kompyuta yako?"



"Kuku, afande," Marietha akasema. "Namna ya kupika kuku. Kazunguka injini zote tatu, na zote nikazikagua. Kuku, kuku, kuku. Nikamgombeza, majirani wote wamesikia."

"Simeoni anasema sefu."

"Simeoni ameshika kompyuta lini?"

Askari mkubwa akaitazama saa yake. Urbano alikuwa bado njiani na baiskeli, akigawa hati. Yunisi akafungua mlango wote, akajitandazia tabasamu usoni, akavuta mkeka.

"Shikamoo, afande. Upekuzi na njaa haviendi pamoja. Ugali uko tayari, na huyo kuku mnayemuulizia yumo chunguni. Karibuni ndani, tule."