Mshale wa Geji ya Mafuta

Kila siku ya mapumziko, kabla jua halijapata makali, Chiriku alikuwa ameshafagia gereji ya mama yake na kupanga spana ukutani, kubwa huku, ndogo kule. Chiriku halikuwa jina lake. Alibandikwa jina hilo na ndugu zake kwa sababu hakuwahi kukosa jibu. Umuulize anachokijua, atajibu. Umuulize asichokijua, atajibu vilevile, tena haraka zaidi.

Mama yake alikuwa fundi wa magari, na si fundi wa kubahatisha. Magari yaliyowashinda wengine yaliishia kwake. Chiriku alipenda kumtazama akiinama juu ya injini inayonguruma, macho ameyafumba, anasikiliza kama mtu anayefuatilia habari redioni. Moyoni alijiambia kuwa duniani hakuna fundi wa kumfikia mama yake, na kwa hilo tusimlaumu.

Asubuhi hiyo gari lililokuwa ndani lilikuwa la mama mdogo, yaani mdogo wake mama, ambaye alikuwa muuguzi siku za kazi na dereva wa mashindano siku za mapumziko. Lilikuwa gari dogo jekundu lenye tabo, kile kifaa kinachosindilia hewa ndani ya injini ili ipate nguvu. Siku chache nyuma mama alikuwa amelifungia plagi mpya, vile vijiti vinavyotoa cheche ya kuwasha mafuta, na kuipanga upya kompyuta yake ili tabo isukume hewa zaidi. Tangu hapo, ukiliendesha polepole, lilikuwa na adabu zake zote. Lakini ukilikanyagia mafuta mlimani, tabo ikikolea, linakohoa na kukatakata kama mzee mwenye kifua. Na kesho yake ndiyo zilikuwa mbio za kupanda mlima, za mwisho kwa mwaka huo. Mama mdogo alikuwa hazungumzi jambo jingine.

Fundi wa bodi wa jirani, ambaye wote walimwita Nyundo, alipita na kutoa hukumu bila kuombwa: mafuta hayafiki kwenye injini. Mama akamwambia huenda, ila yeye hafungui kitu kabla ya kupima. Akamweleza Chiriku kuwa kukohoa kule kuna njia mbili: ama mafuta ni machache, ama cheche ya kuyawasha inazimika. Mafuta yakipungua wakati tabo inasukuma, injini inaweza kuungua ndani kwa ndani. Hapo hakuna kukisia.

Akaunganisha geji ya presha ya mafuta, kipimo cha duara chenye mshale, na kuibandika nje ya kioo cha mbele, upande wa abiria. Kazi ya Chiriku ilikuwa moja tu: gari likikohoa, aangalie mshale. Ukishuka, mafuta ndiyo yenye kesi. Ukipanda pamoja na nguvu ya tabo na kukaa hukohuko juu, mafuta hayana kosa.

Wakafunga mikanda, wakaenda barabara ya mlimani isiyopitiwa na watu. Mama akakanyaga mafuta. Tabo ikapiga mluzi, mgongo wa Chiriku ukagandamizwa kitini, halafu gari likakohoa kwa kishindo. Chiriku akafumba macho. Alipoyafumbua, mama alikuwa ameshaondoa mguu, na mshale umetulia mahali pake pa kawaida.

"Mshale umefanyaje?" mama aliuliza.

Chiriku aliona haya. Binti wa fundi mzima, aseme aliogopa gari? Akakumbuka maneno ya Nyundo, na jibu likamtoka lenyewe. "Umeshuka, mama."

Mama hakuuliza mara mbili, ndivyo alivyomwamini. Waliporudi gereji aling'oa kiti cha nyuma ili aifikie pampu ya mafuta. Mama mdogo, ambaye siku hiyo alikuwa ameitwa zamu ya ziada, alipofika kutoka kazini, sare yake bado mwilini, akaambiwa pampu imechoka. Pampu ya aina ile haikuwa ya kupatikana dukani siku hiyohiyo, kwa hiyo akampigia simu mshindani mwenzake mwenye gari kama lake. Yule bwana alimwambia aende akaitoe ya kwake. Mwendo wa mama mdogo ulikuwa mzuri kuliko wake, alisema, basi ashindane yeye, na mwenyewe atakaa pembeni ashangilie.

Mama mdogo alikata simu, machozi yakimlengalenga. Chiriku, aliyekuwa ameshika sahani ya skrubu, alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtu mzima wa watu alikuwa anaacha mbio zake kwa sababu ya macho yake yeye, macho yenyewe yalikuwa yamefumbwa.

"Mama," alisema. "Mshale sikuuona. Niliogopa, nikafumba macho. Nilisema tu."

Nyundo, aliyekuwa amerudi kusikia matokeo, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mama aliweka spana chini, wala hakupandisha sauti. Alimwambia tu ashike upande wa pili wa kiti, wakirudishe, kisha wapande mlima upya.

Safari hii Chiriku alikodoa macho mpaka yakatoka machozi. Gari lilipokohoa, mshale ulikuwa juu na haukutikisika. Aliposema hivyo, mama alicheka kwa furaha. Mafuta yakaachiwa huru, na mama mdogo akapiga simu tena: bwana yule abaki na pampu yake, wakutane mlimani.

Mama akafungua plagi zote na kupima mwanya pale cheche inaporukia, kwa kibati chembamba kama kucha. Ulikuwa mpana mno. Akaeleza kuwa hewa ya tabo ikisindiliwa sana, cheche hushindwa kuuvuka mwanya mpana. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Kosa hili ni langu. Nilizitoa kwenye boksi nikaziamini, sikuzipima."

Fundi mkubwa, mbele ya Nyundo, anasema hivyo bila kujikunakuna. Siku hiyo Chiriku alimpenda mama yake kuliko siku zote. Akamtazama akiipunguza mianya ile taratibu, plagi moja baada ya nyingine, akipima, akigonga kidogo, akipima tena.

Jioni wakapanda mlima kwa mara ya mwisho. Mama akakanyaga mafuta, tabo ikaimba, na gari likapaa bila kukohoa hata kidogo. Chiriku alipiga makofi.

"Na mshale?" mama akauliza.

Chiriku akashusha mikono. "Sikuuona, mama. Nilikuwa nashangilia."

Mama akapunguza mwendo na kuweka mkono begani kwake. "Sikia, mwanangu. Ukiona, sema umeona. Usipoona, sema hukuona. Hilo nalo ni jibu, na mimi naweza kulifanyia kazi. Jibu la kubuni haliwezi kunisaidia, hata lingekuwa tamu namna gani. Leo umenisaidia mara mbili, na zote mbili ni kwa kusema hukuona."

Akageuza gari, wakateremka hadi chini ya mlima, wakaanza upya.