Bakuli la Maembe la Koko

Kila siku saa tisa na nusu alasiri, basi la shule lilimshusha Chimène karibu na Mtaa wa Grant, mjini Buffalo, naye akakimbia nyumbani bila hata kufunga koti. Alijua Koko, yaani bibi yake mzaa mama, anamngoja jikoni. Mama yake, Nabintu, alifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee na hakurudi mpaka jioni. Saa hizo zilikuwa za wawili hao tu, na kwa Chimène hapakuwa na saa tamu kuliko hizo.

Mwanzoni mwa Machi 2016, Koko alikuwa na furaha ya ajabu. Mwanawe Cubaka, ambaye hakumtia machoni kwa miaka kumi na mitano, alikuwa amefika Louisville kutoka kambi ya wakimbizi, na baada ya wiki mbili angekuja kumwona. Katika familia yao, mtoto akirudi kutoka mbali, mama ndiye humlisha tonge la kwanza kwa mkono wake. Koko alikuwa na ugonjwa wa moyo, kwa hiyo hakutaka kungoja siku ya mwisho.

"Nguvu yangu haina ahadi," alisema. "Tutengeneze leo barafu ya maembe, tuweke kwa friza. Siku Cubaka anafika, kazi iko imeisha."

Chimène alimenya maembe, Koko akayaponda mpaka yakalainika. Wakakamulia ndimu, wakatia juisi ya nanasi na maziwa mazito ya kopo, wakamimina yote katika bakuli la bluu, wakalifunika kwa plastiki na kulitia kwenye friza. Kila baada ya saa moja Koko alilitoa bakuli akamwonyesha mjukuu wake namna ya kukoroga, ili lisigande likawa jiwe.

"Na kama mimi siko," Koko alisema akicheka, "njo weye utamupa."

"Koko, usiseme hivyo! Utampa wewe mwenyewe."

Siku nne baadaye Koko alipelekwa hospitalini, na hakurudi tena.

Nyumba ilijaa watu wa kanisani. Walilia, waliimba, na walileta chakula kingi mno: samaki, kuku, na mifuko ya sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa. Mama, macho yamemvimba, alimwita Chimène.

"Panga hizi kwa friza. Lakini bakuli ya Koko usiitoe. Cubaka anafika Ijumaa."

Nafasi ilikuwepo, kwa mtu mwenye subira ya kupanga mfuko mmoja mmoja. Chimène hakuwa nayo. Alitaka kumaliza haraka akalie chumbani peke yake. Akalitoa bakuli, akalichimbia kwenye theluji nyuma ya nyumba. Tangu lini Buffalo ikahitaji friza mwezi wa Machi? Angelirudisha kesho.

Kesho akasahau. Keshokutwa jua likawaka, watu wakatembea bila makoti. Alhamisi, alipokumbuka, alitoka mbio. Theluji ilikuwa imekwisha. Bakuli limelala ubavu, plastiki imechanwa na wanyama, na kazi ya Koko imekuwa maji ya njano ndani ya matope. Chimène alipiga magoti pale pale akalia mpaka akakosa sauti.

Hakumwambia mtu. Mama alikuwa ameenda kupanga mazishi. Chimène alinunua maembe Mtaa wa Grant, akaponda, akakamua, akakoroga kila saa. Usiku bakuli la bluu lilikuwa mahali pake, kana kwamba hapakutokea kitu.

Ijumaa Cubaka alifika, amechoka na safari, maana alibadilisha basi Columbus na kungoja huko kwa muda mrefu. Alikuwa mwembamba, mkimya, na alikuwa hajalia bado. Mama akamwekea bakuli mbele.

"Yaya, kaka yangu, mama alikuachia tonge yako ya kwanza."

Cubaka akaonja. Akafumba macho, na machozi yakaanza kumtiririka.

"Bon. Huu ni mkono wa mama," alisema. "Sitamaliza. Nitapeleka ingine Louisville, niiweke."

Chimène angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini hakuweza kumtazama mtu mzima akilia kwa ajili ya uongo wake.

"Tonton, mjomba wangu, si mkono wa Koko. Ni wangu." Akaeleza yote, tangu theluji mpaka maembe ya dukani.

"Chimène!" Mama alishika kichwa. Cubaka aliinuka, akasimama dirishani, amewapa mgongo.

"Nani alikufundisha?" aliuliza.

"Koko. Alisema kama yeye hayupo, mimi ndiye nikupe."

Cubaka akarudi, akaketi.

"Umeniumiza, sitakudanganya," alisema. "Kile kilichomwagika hakirudi. Ulifanya uvivu, kisha ukaufunika na uongo. Donc, ungenyamaza, uongo huo ungeubeba peke yako maisha yako yote. Mtoto, ukikosea, sema mapema. Sisi wakubwa tutakusaidia kubeba."

Kisha akamsukumia bakuli.

"Mama yangu alikutuma. Mbona hujanipa?"

Chimène akachota kijiko kimoja. Machozi yalimzuia kuona vizuri. Cubaka, mtu mzima wa miaka arobaini, akafungua kinywa, naye akamlisha.