Macho Yaliyofumbwa Ndani ya Miwani

Kila asubuhi Chiriku alikuwa wa kwanza kuvaa sare, na bado alikuwa wa mwisho kufika shuleni. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu ya maneno mengi, lakini jambo moja hakulizungumza: daraja. Ukingo wa daraja la waenda kwa miguu ulikatika siku moja, akaning'inia juu ya mto mpaka mafundi waliokuwa wakifanya kazi karibu wakamvuta. Ukingo ulitengenezwa, lakini yeye hakukanyaga tena pale. Alizunguka barabara ya mbali na mama yake, fundi cherehani.

Sasa mvua zilikuwa zimeanza, na mto ukijaa barabara hiyo hukatika. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa umekaribia. Mama alikuwa hapati usingizi.

Ndipo wakaenda kwa mshauri wa afya ya akili, mwanamke mpole asiyependa haraka. Alimvisha Chiriku miwani mikubwa, nyeusi tii, iliyounganishwa na kompyuta. Ndani yake kulikuwa na daraja, mbao na maji yanayokwenda kasi, kana kwamba yuko palepale. Mshauri alimweleza kwamba hofu hupanda, kisha hushuka yenyewe ukiitazama bila kukimbia.

Chiriku alitazama mara moja tu. Kisha akafumba macho kwa nguvu. Nani angemwona?

"Hujambo?" mshauri aliuliza.

"Sijambo."

Ikawa hivyo kila walipokutana. Daraja liliongezwa urefu, upepo ukaongezwa, na mtoto alikuwa hajambo tu. Mama alifurahi mno. Mshauri akaona wakati umefika wa kwenda kwenye daraja lenyewe.

Pale Chiriku alipiga hatua mbili, akakumbatia nguzo. Nyuma yao watu wenye mizigo walirundikana, na mwenye baiskeli mmoja akauliza kama huyo mtoto amebandikwa kwa gundi. Wengine wakacheka. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Si ulisema hujambo?" mama alifoka, huku akimbandua kwenye nguzo.

"Nilisema tu, mama. Mtu akiulizwa hujambo, si anajibu sijambo?" Akaanza kulia. "Nilikuwa nafumba macho. Siku zote."

Mshauri alitikisa kichwa polepole.

"Basi kosa ni letu sote wawili," alisema. "Nimetoa salamu, nimerudishiwa salamu. Ugonjwa wenyewe hatujaugusa."

Walirudi kliniki. Safari hii mshauri hakuuliza hujambo. Aliuliza hofu iko wapi mwilini.

"Magotini," Chiriku alisema, macho wazi. Maji yalipita chini ya mbao. "Inapanda. Iko kifuani. Siwezi kupumua vizuri."

Mshauri alimwambia kwamba akitaka wataivua miwani. Chiriku aliinua mikono aivue, vidole vikaigusa, kisha akaishusha mikono. Jasho lilimtiririka. Alitazama maji, akatazama tena, na baada ya muda ambao mama aliuona mrefu kuliko mwaka, akasema kwa mshangao kwamba imerudi magotini. Waliendelea hivyo kila siku alipotoka shuleni.

Asubuhi ya mtihani mto ulikuwa umefurika na barabara ya mbali imekatika. Ilibaki njia moja. Mama alimshika mkono, wakaingia darajani. Maji ya matope yalinguruma chini yao na mbao zikatikisika.

"Iko wapi?" mama aliuliza.

"Kooni."

"Tembea nayo."

Walipofika katikati, Chiriku alihisi mkono uliomshika umelowa jasho kuliko wake.

"Na yako, mama?"

Mama alikaza macho mbele.

"Kooni pia, mwanangu. Tangu siku ile sijavuka hapa, hata nikiwa peke yangu. Nilikuwa nikisema nazunguka kwa ajili yako." Alipiga hatua nyingine. "Tusifichane tena. Anayetaka kukusaidia hawezi kutibu usichomwonyesha. Ukiogopa, sema unaogopa. Si aibu."

"Basi tazama maji, mama. Usifumbe macho."

Mama akatazama. Wakavuka.