Mfuko Mlangoni kwa Marehemu

Jamani… jeneza la Bi Nasiha nililisindikiza mpaka makaburini kwa miguu yangu!

Sasa niambieni, mbona mfuko wake wa taka unaning'inia mlangoni?

Kwenye msumari ule ule. Umefungwa kwa kipande cha leso nyekundu, kama alivyofunga yeye siku zote.

Mimi ni Ogutu, nasukuma mkokoteni wa taka hapa Mji wa Kale. Nyumba ina kufuli!

Ndani ya mfuko, maganda ya muhogo… mabichi.

"Usiguse!" Yumna, jirani yake, akaninong'oneza dirishani. "Huyo mama hajaondoka."

Nikauacha. Kesho yake, mwingine. Inzi. Harufu. Usingizini namsikia marehemu: "Ogutu baba, umenisahau?"

Nikamwendea mheshimiwa Idarus, MCA wa wadi yetu, aliyepigania ushuru wa taka kwa kila mlango katika bunge la kaunti.

Akacheka.

"Jini gani anamenya muhogo? Huyo ni mtu anakwepa ushuru! Na wewe ukibeba taka za mlango usiolipa, kazi huna."

"Mheshimiwa, naogopa."

"Mwanamume mzima! Kesho alfajiri tutamkamata pamoja."

Tukajibanza kichochoroni. Watu bado wako msikitini. Mara… kivuli cha buibui, kinaburuta miguu. Kikanyosha mkono msumarini.

Mheshimiwa akaruka na tochi.

"Mwizi we!"

Kisha tochi ikamshuka mkononi.

"…Mama?"

Bi Saadia! Mamake mzazi, anayekaa kichochoro cha pili. Leso huja mbili mbili, mnajua. Yeye na marehemu waligawana.

"Mama, kwani sikuachii hela?"

"Ya dawa, mwanangu, na haitoshi. Ushuru wako unadai kila mlango, hata wa mjane." Akagusa kufuli. "Huu haudaiwi. Maiti halipi."

"Si ungeniambia?"

"Lini? Ukija, hata gari huzimi."

Mheshimiwa aliubeba ule mfuko mwenyewe mpaka mkokotenini.

Akapeleka hoja bungeni: wazee wasio na kipato wasitozwe. Kumbe uwezo huo alikuwa nao siku zote!

Lakini hoja ilipopita, mlango wa Bi Saadia nao ulishatiwa kufuli. Nikasindikiza jeneza la pili.

Kuna asubuhi namkuta mheshimiwa pale mlangoni kwa Bi Nasiha, peke yake, anautazama msumari mtupu. Napitisha mkokoteni polepole.

Wewe uliyepewa kura zetu: kabla hujatoza milango ya watu, gonga wa mamako.

Na gari uzime.