Hatua ya Kumi, Kona ya Kasomeno

Redio ya Motorola ilikoroma mara mbili, kisha sauti ya Chileshe, mkuu wake wa kazi, ikatoka.

"Kuku wa tatu ameanguka."

Perpétue Mwape aliweka kando kipande cha mkate. Ilikuwa saa tano asubuhi, naye alikuwa ndani ya Toyota Hilux yake, pembeni mwa barabara ya mtaa wa Makomeno. Kuku maana yake mtoto. Kuanguka maana yake hospitali.

"Iko muzima?"

"Iko muzima. Mukono njo imevunjika. Na mu kitanga ya mukono iko namba nane, ya wino."

"Minachoka, chef."

"Siye bote tunachoka. Hakuna mwingine wa kutuma."

Hilo lilikuwa kweli. Ilikuwa Februari 2025, wiki ya tatu tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi. Nusu ya watu wa Idara ya usalama walikuwa wamepelekwa mashariki, na wengine waliacha tu kuja kazini. Familia zilizokimbia vita zilikuwa zikiingia Lubumbashi kila siku, na mjini watu walianza kunong'ona kwamba wageni wa Kivu ndio walioleta balaa.

Perpétue alikuwa na miaka arobaini na tisa. Ishirini na miwili kati ya hiyo aliitumia katika Idara. Alikuwa binti wa fundi wa reli, mwenye goti bovu la kushoto na bastola ya Browning chini ya kitenge. Angeweza kustaafu mwaka uliopita. Hakukumbuka tena kwa nini hakustaafu.

Mchezo uliitwa Hatua Kumi. Uliingia kwenye simu za watoto kwa sauti ya mwanamume mpole aliyejiita Mlezi. Hatua za mwanzo zilikuwa mchezo kweli. Za katikati zilikuwa za kuumia. Kila hatua, namba mpya kiganjani. Hadi asubuhi hiyo hakuna aliyejua hatua ya kumi ilikuwa nini.

Aligonga geti la Nzanzu.

Nzanzu alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, huko Kivu, mwenye malori matatu yaliyobeba shaba kutoka upande wa mgodi wa Kinsevere hadi mpakani. Ndiye aliyeipigia Idara simu jana yake. Alikuwa ameona namba tisa kwenye kiganja cha mpwa wake, Jemima, aliyefika kutoka Goma bila mama yake. Asubuhi hiyo alimkuta msichana akijaribu kutoka kwa siri, akamfungia chumbani, malori yakaondoka bila yeye. Alieleza hayo akiwa ameshika funguo kwa mikono miwili, kama mtu anayeona aibu.

Jemima alikuwa na miaka kumi na mitano. Hakulia. Perpétue alikaa sakafuni kando yake, akalinyoosha goti bovu.

Kisha msichana akaitaja mwenyewe hatua yake ya kumi. Alitakiwa kupanda lori la kwanza la mjomba wake pamoja na dereva, na saa nane mchana, kwenye kona kabla ya Kasomeno, awashe kamera na kuielekeza mbele. Basi. Hatua ya tisa ilikuwa kumpigia Mlezi picha ya daftari la safari za malori. Perpétue alimuuliza kwa nini alikubali.

"Alisema video itafika inchi nzima. Mama ataiona, atajua niko wapi."

Simu ya mama yake haikuwa imeita tangu vita viingie Goma.

"Mulezi anajuaka mambo ya mama yako namna gani?"

"Anajua hata vitu vyenye nilimuandikia mama tu. Sikumuambia mutu."

"Nani anashikaka simu yako?"

Jemima alifikiri. "Hakuna. Papa Consta tu, wakati wa kuchaji."

Makomeno haikuwa na umeme kwa wiki mbili. Constantin, yule Papa Consta wa watoto, alikuwa na sola, benchi mbili, na kuchaji bure kwa watoto wa wakimbizi. Watoto wa mtaa nao walikwenda, hasa wale ambao nyumbani hakuna aliyewauliza habari zao. Yeye aliwauliza.

Perpétue alisimama kwa kushika ukuta. Alimwambia Nzanzu asimfungie tena mtoto, akae naye.

Nyumba ya kuchaji ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na Hilux aliiacha getini. Aliingia akiwa ameshika Nokia ya zamani mkononi, kama mteja.

Simu arobaini zilining'inia kwenye ubao, kila moja na kibandiko cha namba. Constantin alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini, mwenye miwani na macho ya upole. Nyuma yake, kwenye mlango wa uani, alisimama mtu wa koti la ngozi.

Koti, na jua lote lile.

Perpétue aliuliza kama kuna nafasi ya kuchaji. Constantin akanyoosha mkono kupokea Nokia. Mtu wa koti alitazama viatu vya Perpétue, vya kijeshi, vilivyochungulia chini ya kitenge.

Akaingiza mkono ndani ya koti.

Alichelewa.

Browning ililia mara moja. Mtu yule aliangukia mlangoni akiwa ameshika bega, na bastola yake ikateleza chini ya benchi. Perpétue aliisukuma mbali kwa mguu, akamfunga pingu kwenye nondo ya dirisha, akambana jeraha kwa kitambaa. Goti lilimuuma kuliko kawaida. Kwenye koti alikuta pasipoti tatu za nchi tatu, sura ileile.

Constantin hakusogea.

Kompyuta yake ilikuwa wazi. Perpétue alisoma akiwa amesimama. Kulikuwa na kundi la ujumbe la watoto wanane wa Lubumbashi, waliokwisha kufika hatua ya kumi. Basi dogo liliwachukua alfajiri. Saa nane wangelala chini barabarani, kwenye kona ileile ya kabla ya Kasomeno, ambayo dereva haoni mbele, na Mlezi aliwaahidi kwamba malori yatasimama, kila kitu kimepangwa.

Chini yake kulikuwa na maneno yaliyokwisha kuandikwa, yakisubiri video: *Malori ya watu wa Kivu yameua watoto wetu. Tukutane sokoni.*

Alielewa mtu wa pasipoti tatu alitumwa kufanya nini. Kabla ya jua kuzama, maduka yangewaka. Mji mzima ungewaka, na jeshi halipo.

Alitazama saa. Saba na dakika ishirini. Kasomeno ilikuwa mwendo wa zaidi ya saa mbili.

Alimwita Chileshe kwenye redio.

"Nani iko kwa barrière ya polisi, kule Kasomeno?"

"Hakuna muntu. Balienda bote."

"Hata polisi moja?"

"Mwape, minakuambia hakuna."

Akampigia Nzanzu. Alimwambia awasimamishe madereva wake, kisha amlete mbio Jemima, aliyeujua mchezo. Walifika wakihema. Madereva wawili walipokea simu na kusimama. Rigobert, wa lori la kwanza, hakupokea. Akiendesha huzima mlio wa simu.

Saba na dakika arobaini.

Perpétue alichukua simu iliyokuwa kando ya kompyuta, ile ya Mlezi, akaiweka mbele ya Constantin, akamwambia awatoe watoto barabarani. Wangemsikiliza yeye tu.

"Sikumugusa mutoto hata moja," alisema Constantin taratibu. "Nilibasikiliza tu. Weye ulibasikiliza?"

Perpétue aliwaza juu ya watoto watatu waliolazwa, na jinsi yeye mwenyewe alivyoandika majina yao kwenye ripoti bila kwenda kuwaona.

Constantin aliisukuma simu kando, akatazama ukuta.

Jemima ndiye aliyechukua simu. Alikuwa amesoma kompyuta. Alibonyeza kitufe cha sauti mwenyewe, wala hakuna aliyemfundisha la kusema.

"Ni miye, mwenzenu wa namba tisa. Mulezi ni Papa Consta wa kuchaji. Amekamatwa, niko naye hapa. Lori haitasimama. Alitudanganya. Miye nilimupa saa ya lori, munisamehe. Mama yangu sijui iko wapi, na ninatamani sana anione, lakini si vile. Mutoke barabarani. Mutoke tu, tutaongea."

Akatuma.

Alama ya kwanza ya kusomwa ilionekana. Ya pili. Ya tano. Ya saba.

Ya nane haikuonekana.

Nzanzu alipiga magoti kati ya benchi, akaanza kusali kwa Kinande, lugha ya kwao. Mtu wa koti aliguna kwa maumivu. Perpétue aliendelea kupiga namba ya Rigobert, kwa kidole kimoja, tena na tena.

Saa nane na dakika kumi na moja simu ilipokelewa.

Rigobert alisema kwa kukatakata kwamba kabla ya kona aliona watoto saba wakikimbia kumlaki, wakipunga mashati. Akakanyaga breki. Lori lilivuka kona likiburuta magurudumu, likasimama. Mbele yake msichana mmoja alikuwa bado amelala barabarani, hatua nne kutoka bampa. Anaitwa Benita. Simu yake ilizimika njiani. Mwenye basi alikimbilia kichakani.

"Na Benita sasa iko wapi?" aliuliza Perpétue.

"Alikataa kuamuka. Njo nimekaa naye chini, mu vumbi. Tunakula mukate."

Perpétue alimwambia akae hapohapo, asimharakishe.

Chileshe alifika baada ya nusu saa na askari wawili wazee. Waliwachukua Constantin, mtu wa koti, na kompyuta. Chileshe alimpongeza. Perpétue aliomba namba za vyumba vya wale watoto watatu hospitalini.

"Ju ya ripoti?"

"Hapana."

Jemima alimfuata hadi barazani, akamuuliza kama sasa mama yake atajua.

Perpétue aliwahi kudanganya majenerali bila kupepesa jicho.

"Sijui, mwanangu. Lakini kesho nitakuya, tutatafuta jina yake pamoja."

Akakifunga kitenge vizuri juu ya Browning, akashuka ngazi moja moja, akaenda zake kwa miguu, akichechemea, bila kugeuka nyuma.