Redio wa Chumba cha Simu

Asubuhi moja ya siku za mlipuko wa ugonjwa, lango la hospitali lilijaa ndugu wa wagonjwa waliokatazwa kuingia. Binti wa mwaka wa nne wa udaktari, koti jeupe limepigwa pasi, raba nyekundu miguuni, alikuwa akipima joto la kila aliyepita. Kijana mrefu wa mwaka wa tano akainamisha kichwa.

"Thelathini na sita na nusu. Pita."

"Kipimo chako kibovu. Mimi naungua tangu nikuone."

"Basi nikupeleke karantini."

"Ukiwa wewe mlinzi, hata sasa hivi."

Foleni nzima ikacheka, na binti akacheka ndani ya barakoa.

Wenzake walimwita kijana huyo Redio kwa sauti yake nzito na tulivu. Kwa ajili ya sauti hiyo, wanafunzi wa mwaka wake walipoondolewa wodini, alipangiwa chumba cha simu, awajulishe ndugu hali za wagonjwa, na vifo pia. Msimamizi wa chumba hicho, daktari mwalimu wao, aliwafundisha yeye na wenzake utaratibu. Muulize kama amekaa. Muulize kama ana mtu karibu. Usizunguke. Sema "amefariki". Kisha nyamaza, mwache alie.

Hosteli zilikuwa zimetenganishwa, kwa hiyo mapenzi yao nayo yalikulia kwenye simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula, bwana Redio. Utaanguka, nani atakubeba na urefu huo?"

Baadaye simu zikawa fupi. Halafu zikaja jumbe tu. Halafu Redio akawa hapokei kabisa.

"Ana mwingine huyo," mwenzake wa chumbani alimwambia binti. "Mtu anashinda na simu mkononi, akose dakika yako?"

Binti hakuwa na nguvu za kubishana. Mama yake alikuwa amelazwa ghorofa ya tatu, kwenye oksijeni.

Mchana mmoja, akiwa kwenye ujia wa famasia, simu ikaita. Redio.

"Umekaa?"

"Nini?"

"Naomba ukae. Una mtu karibu?"

Ilikuwa sauti ya kazini.

"Ni mama? Sema! Ni mama?"

Kimya. Kimya kilekile cha utaratibu.

Alipanda ngazi akikimbia. Muuguzi akamzuia mlangoni. Kupitia kioo alimwona mama yake ameketi, mipira ya oksijeni puani, akimgombeza mhudumu kuhusu mto. Mama akampungia mkono.

Alishuka hadi chumba cha simu akitetemeka. Redio alikuwa bado ameshika simu sikioni.

"Ulitaka kuniua? Mama yangu yu hai!"

"Najua. Nilitaka kukwambia nataka kukuoa."

"Kwa sauti hiyo?"

"Sina nyingine. Nikishika simu inatoka hii tu. Hata mama yangu nikimpigia namuuliza kama amekaa. Ndiyo maana niliacha kukupigia." Uso wake haukubadilika. "Silali. Jana nilipanda juu ya paa la hosteli. Sikwenda kuanika nguo."

Hasira yote ikamtoka binti. Darasani walifundishwa kuuliza waziwazi, akauliza.

"Ulitaka kujiua?"

"Ndiyo."

"Na sasa?"

"Sasa nimechoka tu."

"Umemwambia nani?"

"Nani? Msimamizi akijua, udaktari wangu umekwisha. Watanifukuza."

"Wakikufukuza, utafukuzwa ukiwa hai. Inuka."

"Na posa yangu?"

"Mimi natetemeka, wewe hulali. Posa haijibiwi hivi. Twende kliniki ya akili."

Alimshika mkono, jambo lililokatazwa hospitali nzima, wakavuka ua. Watu wakageuka kuwatazama.

Ndani ya kliniki, benchi refu lilikuwa limejaa makoti meupe. Wote walikuwa wa chumba cha simu, kila mmoja akitazama sakafu kama hamjui jirani yake. Mwisho wa benchi, kadi ya mgonjwa mkononi, alikaa msimamizi mwenyewe.

Redio akasimama palepale.

"Daktari," binti alisema polepole, "na wewe? Tangu lini?"

"Kabla ya hawa wote. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Msimamizi akasogea, akawaachia nafasi. Redio akakaa. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kilio kikamtoka kwa sauti. Hakuna aliyeinua macho. Binti alimvuta kifuani mbele ya mwalimu wake, akamwacha alie.