Vumbi Lisilo la Mbao

Kila asubuhi ilianza kwa sauti ya randa. Kabla jua halijapanda vizuri, baba alikuwa tayari benchini mbele ya nyumba, akisukuma randa juu ya ubao, na maganda membamba yakidondoka miguuni pake. Familia iliishi katika vyumba viwili nyuma ya karakana hiyo, na vumbi la mbao lilikuwa na mazoea ya kuingia ndani bila kubisha hodi. Ungelikuta kwenye madirisha, kwenye vikombe, hata katikati ya kurasa za daftari la hesabu.

Binti wa seremala huyo alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliamka, akatandika kitanda, akachemsha chai, akatoa vikombe vitatu kabatini. Kisha akakumbuka, akakirudisha kimoja. Mama alikuwa ameondoka wiki ya kwanza ya muhula kwenda kumuuguza bibi aliyeanguka na kuvunjika nyonga, na safari ya wiki mbili ilikuwa imegeuka miezi miwili. "Bibi akianza kutembea tu, narudi," mama alisema kila alipopiga simu. Halafu sauti ya bibi ilisikika ikiita kutoka chumba cha pili, na simu ikakatwa.

Baba alikuwa mtu mwema, tena fundi wa kutegemewa, lakini maneno aliyapima kama mbao, na akishapima alikata mafupi.

"Umekula?"

"Nimekula, baba."

"Haya, mama. Shule njema."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya siku nzima. Baba alijitahidi kuendesha nyumba peke yake, hilo hatumnyimi. Ila sabuni ya kuogea ilipokwisha, alileta mche mmoja mrefu wa sabuni ya kufulia, akaukata vipande kwa msumeno mdogo, akatangaza kwamba ungetosha nguo, vyombo na watu. Basi binti alijisugua kwa sabuni hiyo na maji ya moto yanayofuka mvuke, akajikausha kwa taulo kwa nguvu zake zote, akavaa sare. Mafuta ya mgando aliyapaka mwishoni, akikatiza karakana mbio mbio. Vumbi la mbao liling'ang'ania mafuta, akafika shuleni miguu imeota manyoya. Baada ya siku chache aliachana na mafuta kabisa.

Ngozi haikunyamaza. Miguu yake ilipauka, ikakakamaa, ikaanza kutoa magamba madogo madogo kwenye miundi.

Siku moja wakati wa mapumziko alikuwa ameketi kwenye ngazi za darasa pamoja na wenzake wa timu ya netiboli. Nahodha wao, msichana mrefu waliyemwita Mnara, aliinama akamkwaruza kidogo mguuni kwa ukucha. Ukabaki mstari mweupe, ulionyooka vizuri.

"Jamani, njooni muone!" Mnara alipiga kelele. "Huu si mguu, ni ubao wa darasani!"

Papo hapo akaandika hesabu: mbili jumlisha mbili. Mwingine akachuchumaa, akajaza jibu. Wakacheka hadi wakashika mbavu. Binti naye alicheka, tena kwa sauti kubwa kuwapita, ili asije akalia. Tangu siku hiyo jina lake likawa Chaki.

Chaki alianza kuvaa soksi ndefu hata jua lilipokuwa kali. Mapumziko aliyamalizia nyuma ya maktaba, akihesabu matofali ya ukuta aliokuwa ameshauhesabu jana. Jioni alirudi nyumbani kwa baba aliyeuliza kama amekula. Alikuwa na mengi ya kusema na hakuwa na wa kumwambia. Upweke ulimkaa kifuani mchana kutwa, hata katikati ya darasa la watu hamsini.

Palibaki mahali pamoja tu ambapo hakuitwa Chaki. Uwanjani, mpira ukiwa mikononi mwa wenzake, wote walipiga kelele, "Mpe mfungaji! Mpe mfungaji!" Mfungaji alikuwa yeye. Alikuwa na shabaha ya kutisha. Kwa hiyo mwalimu wa michezo alipotangaza, siku ya Alhamisi, kwamba Jumamosi ya wiki inayofuata wangecheza na shule jirani, tena kwa sare mpya za sketi fupi na soksi za vifundoni, moyo wake ulimpasuka. Asiyevaa sare hachezi. Na akivaa, shule mbili nzima zingeona ubao wa darasani ukikimbia.

Jioni hiyo alimkuta baba akimalizia mlango mkuukuu ambao mteja alitaka kuutupa. Ulikuja ukiwa wa kijivu, umejaa mikwaruzo. Sasa baba aliusugua kwa msasa wa kukwaruza, kisha kwa msasa laini, akaufuta vumbi, akaupaka mafuta ya mbao kwa kitambaa. Mlango ukang'aa mpaka ungeweza kujitazama.

"Baba, umefanyaje?"

Baba alifurahi kuulizwa. "Mlango mzuri ulikuwemo humo humo, mama. Ni kuondoa la juu tu."

Kwa baba, hiyo ilikuwa hotuba. Chaki aliibeba yote kichwani hadi kitandani, na kesho yake alfajiri akaingia bafuni na kipande cha msasa laini na kitambaa chenye mafuta ya mbao.

Mwanzoni msasa ulimtekenya tu. Vumbi jeupe lilidondoka sakafuni, na chini yake ikatokea ngozi nyororo. Alipopaka mafuta, yalimwasha kama pilipili, lakini alijikaza. Miundi iling'aa kweli kweli! Siku hiyo alikwenda shuleni bila soksi ndefu. Mnara alimtazama juu chini.

"Heee, Chaki! Leo umekuja na miguu ya nani?"

Wakasogea kwenye ngazi, wakampisha akae. Ni jambo dogo, kusogea, lakini yeye alikuwa amelingoja kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo jioni alisugua tena. Jumamosi akasugua, Jumapili akasugua kwa nguvu zaidi, maana weupe ulikuwa unarudi upesi kuliko alivyouondoa.

Jumatatu miundi ilikuwa myekundu, inachoma kama imemwagiwa maji ya moto. Jumanne ilianza kutoa majimaji. Soksi ndefu zikarudi, safari hii zikagandamana na ngozi. Mazoezini hakuweza kukimbia.

"Nilianguka, mwalimu," alisema.

"Mbona unachechemea?" baba naye aliuliza jioni.

"Nilijikwaa, baba."

Uongo huo ungeweza kusimama kama baba yake angekuwa na kazi nyingine. Jumatano mchana, Chaki aliporudi kutoka shuleni, alimkuta amesimama benchini akiugeuza geuza msasa laini karibu na macho. Aliunusa. Akaupangusa kwa kidole, akakitazama kidole.

"Njoo, mama."

Chaki akasogea, miguu mizito.

"Nikisugua mbao nyekundu, vumbi lake ni jekundu. Nikisugua mbao nyeupe, lina umanjano, tena linanukia. Hili ni jeupe kama unga, na halina harufu ya mti wowote ninaoujua. Umesugua nini?"

"Dirisha, baba. Lile lenye rangi nyeupe."

Baba hakubisha. Aliingia ndani, akapitisha kiganja kwenye fremu ya dirisha, akarudi. "Dirisha halijaguswa," alisema taratibu. Ndipo macho yake yaliposhuka hadi kwenye soksi, akaona madoa ya manjano yamejichora mbele ya miundi.

Chaki alijaribu kufungua kinywa atunge uongo mwingine, lakini kilio kilimtangulia.

"Nilitaka ning'ae kama mlango," alisema. "Wananiita Chaki, baba. Wananiandika hesabu miguuni."

Baba alikaa juu ya rundo la mbao kama mtu aliyevutwa chini. Kisha alifunga karakana jua likiwa bado kali, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akampandisha binti yake mgongoni, mkubwa vile vile alivyo, wakaenda zahanati.

Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyokaa kwenye paji la uso. Alilowesha soksi kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akazibandua polepole, akashusha miwani.

"Nimeona walioungua uji, nimeona walioumwa na mbwa," alisema. "Aliyejipiga msasa, wewe ndiye wa kwanza. Ungekaa na siri hii siku mbili zaidi, kidonda kingekulaza kitandani."

Alisafisha, akapaka dawa, akafunga bendeji. Kisha akavuta kiti.

"Sasa nisikilizeni wote wawili. Ngozi haitaki vita. Kwanza, maji ya moto sana yanaikausha. Oga kwa maji ya uvuguvugu, usikae humo saa nzima. Pili, unaogea sabuni gani?"

Chaki alimtazama baba. Baba alitazama dari.

"Ya kufulia," baba alisema.

"Eh! Baba, huyu ni mtoto, si shuka! Mtafutie sabuni laini ya kuogea. Na wewe mwanangu, tumia kitambaa laini, tupa mawe na msasa. Ukimaliza, usijikaushe kama sufuria. Gusa gusa kwa taulo, ngozi ikiwa bado ina unyevu upake mafuta pale pale. Ya mgando yanatosha, hayo ya makopo ya kifahari waachie wenyewe. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, yanafungia yaliyomo yasitoroke. Ukipaka juu ya ngozi kavu, umefunga mlango na maji yameshaondoka."

Masikioni mwa Chaki ilikuja sauti ya mama, vile alivyokuwa akiita kila asubuhi kutoka chumbani, kopo la mafuta mkononi: "Njoo na maji yako! Usinikaukie huko!" Miaka yote hiyo alidhani mama ana haraka tu. Alikuwa akikimbilia kwake akichuruzika, anapakwa kuanzia magoti hadi vidole, huku akilalamika kwamba anatekenywa. Machozi yalianza kumtiririka upya.

"Dawa inauma?" muuguzi aliuliza.

"Hapana. Ni mama."

Muuguzi alimtazama baba. Baba alikohoa, akaangalia dirishani. "Mama yake yuko mbali, anauguza," alisema. "Nami nilidhani, akimwita atoke bafuni na maji yake, anampigia mtoto kelele bure."

Jumamosi Chaki alitazama mechi akiwa benchi, bendeji zikionekana hadi ng'ambo ya uwanja. Hakuna aliyepiga kelele za kumpa mfungaji, na timu yao ikafungwa vibaya. Hilo lilimuuma kuliko vidonda. Mechi ilipokwisha, Mnara alikuja akaketi kando yake, jasho likimtoka.

"Ulianguka wapi kwani?"

Chaki alikuwa amechoka kudanganya. "Sikuanguka. Nilijisugua kwa msasa ili msiniandike tena."

Mnara alitaka kucheka, kicheko kikamkwama. Alichezea kamba ya kiatu. Kisha akajikwaruza mguu wake mwenyewe kwa ukucha, pale ambapo soksi huficha, ukabaki mstari mweupe.

"Nami ninao," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuandika wewe kabla sijaandikwa mimi. Nisamehe."

Hawakukumbatiana wala nini. Walikaa tu, wawili, mpaka uwanja ukabaki mtupu, na Chaki akamfundisha habari ya kupaka mafuta mwili ukiwa na unyevu.

Nyumbani mambo yalibadilika kwa mwendo wa seremala, yaani hatua kwa hatua na kwa vipimo. Sabuni ya kuogea ilipatikana. Pazia zito lilitundikwa kati ya karakana na vyumba. Kando ya mlango wa bafu baba aligongomea rafu ndogo ya kopo la mafuta, na chini yake akaweka kistuli kilichosuguliwa vizuri. Vidonda vilikauka, bendeji zikaondoka, na wiki baada ya wiki magamba yalipungua. Ngozi ilirudisha mng'ao wake yenyewe, bila papara, na pale palipoumia zaidi pakabaki alama mbili ndogo.

Asubuhi ya mechi ya marudiano Chaki alitoa vikombe vitatu, akakirudisha kimoja. Baba alikuwa akimtazama.

"Nami huwa nakitoa," alisema. Kisha, kwa kuwa siku hizo alikuwa anajifunza kukata maneno marefu kidogo, akaendelea. "Mama, ule mlango nilikwambia vibaya. Mti ukishakuwa ubao umekufa, ukiupiga msasa unakaa kimya. Wewe u hai. Ngozi yako ilikwambia inaumia, nawe ukaificha kwenye soksi na uongo. Mwili unatunzwa kila siku, kidogo kidogo, na kinachouma kinasemwa mapema. Kwa upande wangu, nilipaswa kuuliza zaidi ya kama umekula."

"Sasa nitasema, baba."

"Na mimi nitauliza. Nenda kaoge, usichelewe mechi."

Randa ilianza tena kuimba. Chaki alioga kwa maji ya uvuguvugu, akafunga bomba, akanyoosha mkono kuchukua taulo. Randa ikanyamaza. Kutoka upande wa pili wa pazia ilisikika sauti nene ya baba, ikijikanyaga kanyaga kwa maneno isiyoyazoea:

"Mama! Njoo na maji yako! Usinikaukie huko!"

Naye akajifunga taulo, akatoka mbio hadi kwenye kopo la mafuta, akichuruzika.